Silabi Mbili

Sheria ya Uskoti inatoa siku ishirini na moja.
Sisi tulikuwa kwenye ya kumi na tisa
na mtoto bado anaitwa "huyu".
Huyu amelala. Huyu kacheua. Hebu mshike huyu.

Nilikwisha kuweka sharti: silabi mbili, basi.
Mimi ni Mwanakheri. Kule kwenye udobi wa hospitali
walinikata mpaka nikabaki Mona,
kama kitambaa kilichozidi meza.
Nikaitika. Mwaka wa sita huu naitika.
Sikutaka binti yangu wamkute na pindo la kukata.

Makame akaazima maktaba kitabu cha majina,
akakisoma jikoni, maziwa yakimwagikia jiko.
Nuru: Kiarabu, mwanga.
Alilipenda, maana Dundee mwezi wa Disemba
saa tisa na nusu alasiri watu wanawasha taa.
Isla: kisiwa. Na ile s imekaa katikati
kama mgeni asiyesemeshwa na mtu.
Eilidh: herufi sita,
na ukizitamka zote inatoka Eli.
Mama akaguna kwenye simu:
"Kwetu herufi ikiandikwa, inafanya kazi."

Jirani yetu wa ghorofa ya tisa alileta soksi za sufu.
Jina lake, siku ya kwanza nilipolisoma mlangoni,
Senga,
nilidhani nimepata mtu wa nyumbani.
Nikabisha hodi na sahani ya vitumbua.
Akafungua bibi mweupe, mkongojo mkono mmoja, redio mwingine.
"Ni Agnes," akasema, "kinyumenyume.
Bibi Agnes, mama Agnes, shangazi Agnes,
ukimkaribisha chai mmoja wanakuja watatu.
Baba akaligeuza, kama unavyogeuza soksi."

Usiku wa siku ya kumi na tisa, huyu akinyonya,
nilikuwa nahesabu, kwa kuwa saa tisa usiku hakuna kingine:
dakika za titi la kushoto,
madirisha yenye taa ng'ambo ya mto Tay,
siku zilizobaki.
Mosi.
Nikasimama hapo hapo.

Mosi alikuja wiki ya kumi na nane, mwezi wa Machi,
theluji imeyeyuka nusu kwenye mteremko wa Hilltown.
Kwa umri ule daftari halifunguliwi.
Muuguzi alituuliza, taratibu, kama tuna jina.
Tukajibu, wote wawili kwa pamoja: bado.
Silabi mbili.

Asubuhi nikamwambia Makame: Pili.
Alifunga kitabu. Akakipangusa jalada
kana kwamba maktaba wangekikagua.
"Watadhani kazaliwa Jumapili," akasema baadaye.
Kazaliwa Alhamisi.
"Wadhani."

Mama alicheka mpaka simu ikakwama:
"Jina la nyanya yangu hilo! Lakini angalieni,
mkiliita mara mbili linawasha."

Siku ya ishirini na moja, ofisini,
karani mwenye kucha za kijani aliandika herufi nne,
akatazama kama kuna zaidi.
"Zuri. Limetoka wapi?"
Kwenye Kiswahili.
"Maana yake?"
Hesabu, nikasema. Anayekuja baada ya mosi.
Kalamu ikasita kidogo. Aliniangalia,
akaiangalia fomu. Swali lililofuata
halikuwa na kisanduku chake,
akageuza karatasi nitie sahihi.
Niliandika Mwanakheri, lote,
likatoka nje ya mstari.

Kwenye lifti tulimkuta Bi Senga na kapu la nguo.
"Pili," akalionja. "Pili."
Kisha, kwa mazoea yake, akaanzia mwishoni:
"Ilip."
Akatikisa kichwa.
"Hapana. Hili linakwenda upande mmoja tu."
Akabonyeza tisa.